Nimeuhakiki wimbo wa mama yangu, sasa haimbi tena

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kigoma, niko nyumbani kwa likizo ndefu. Nina miaka 23, nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya sanaa, upande wa fasihi na falsafa. Mama yangu anakausha na kuuza dagaa pale Kibirizi. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo dagaa hao ndio waliotulea sisi watoto wanne.

Muhula uliopita tulikuwa na somo la nadharia za uhakiki. Sijawahi kupenda somo kama lile, wala kuteswa na somo kama lile. Wiki hii Umarx, wiki ijayo umuundo, inayofuata udenguzi, halafu ufeministi, halafu baada-ukoloni. Makala nyingi ziliandikwa Kijerumani au Kifaransa, tunazisoma kwa Kiingereza, tunazijadili kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja nilikuwa naurudia mara nne. Lakini siku nilipoanza kuelewa, Mwalimu, nilijiona kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni. Nani anakula kwanza, nani anakalia kiti na nani anakalia mkeka, nani akichukua mali ya watu anaitwa mwizi na nani anaitwa tajiri: niliyodhani yameumbwa hivyo, kumbe yana historia, na yana mtu anayefaidika nayo.

Tukapewa kazi. Kila mmoja achague utungo wa fasihi simulizi auhakiki kwa nadharia moja au mbili. Nikachagua wimbo ambao mama na wenzake huuimba kwenye vichanja wakianika dagaa. Niliurekodi kwa simu Desemba, sikumwambia mtu. Mistari niliyoitumia ni hii:

Mume wangu ni mwezi ee,
umejaa, umejaa;
nchi yote inang'aa,
na mimi nimekaa.

Niliandika kwamba mwanamume amefananishwa na mwezi, kitu cha juu, chenye nuru, kinachotazamwa na nchi nzima. Mwanamke hana tendo lolote katika wimbo isipokuwa kukaa. Nikasema anayeimba hivi ana ung'amuzi bandia, kama tulivyofundishwa: mtu amemezeshwa mawazo ya anayemkandamiza mpaka anayaimba kama yake. Nilipata A. Msimamizi wangu akasema niikuze, iwe tasnifu ya mwaka wa tatu.

Nilikuja nayo nyumbani. Jioni moja baba mdogo, ambaye ndiye anayenisaidia nauli na matumizi, aliikuta mezani. Kwa kuwa imeandikwa Kiswahili akaanza kuisoma kwa sauti, nadhani kwa kujivunia mwanzoni. Mama alikuwa pale chini anachambua maharage. Baba mdogo akafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Msanii wa wimbo huu ni mhanga asiyejitambua, ameupokea unyonge wake na kuugeuza sifa." Mama akauliza, "Msanii ndiyo nani?" Hakuna aliyemjibu. Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Ni wiki ya tatu sasa. Hajanigombeza. Ananipakulia chakula, ananiuliza kama nimeoga, ananiuliza kama chai imekolea sukari. Ananihudumia kama mgeni. Nikienda naye mwaloni haimbi, na wenzake wakianza wimbo wakaniona, wananyamaza.

Baba mdogo anasema hela ya mkopo tunafundishiwa kutukana mama zetu, na kwamba nadharia haijazi sufuria. Nihamie ualimu au uhasibu kabla sijapotea. Sikuwa na la kumjibu. Na mimi mwenyewe nimechoka. Siwezi kusikia wimbo, mawaidha, hata hadithi ya bibi, bila kuanza kutafuta nani anamkandamiza nani. Nimepoteza kitu, sijui nikiitaje.

Je, niiache mada hii? Niiache nadharia yenyewe? Na kwa mama naanzia wapi? Lakini naomba usiniambie kuwa nimekosea kila kitu, kwa sababu bado naamini mama anaonewa. Wenye mitumbwi wanampangia bei ya kununulia, wachuuzi wa Dar es Salaam wanampangia bei ya kuuzia, na yeye yuko pale katikati anaimba mwezi.

Mwanafunzi, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili nyumbani, kisha nikatoka nayo hadi sokoni. Hapa Tabora kuna mama ninayenunua dagaa kwake miaka mingi sasa. Kwao ni Kigoma, na mzigo wake huja kwa treni. Habari zako sikumweleza. Nilimsomea ile mistari minne tu, nikamuuliza inasema nini. Alicheka kabla sijafika mwisho. "Mwalimu," akaniambia, "mwezi ukijaa, nani anavua?"

Wewe uliyezaliwa ufukweni unalijua hili kuliko mimi mtu wa miembe na asali, ila wasomaji wengine hawako karibu na ziwa, kwa hiyo nitalieleza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri na sola. Taa ikiwaka juu ya maji meusi, dagaa hukusanyika chini yake, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa maji yote yanang'aa, taa ya mvuvi haina ilichozidi, samaki hawakusanyiki. Mitumbwi inavutwa nchi kavu na kungoja giza lirudi. Vichanja vinabaki vitupu, na aliyezoea kuanika anakaa.

Sasa rudia ubeti. Mume wangu ni mwezi. Umejaa, umejaa. Nchi yote inang'aa, na mimi nimekaa. Huyo si mwanamke anayemsujudia mumewe. Huyo anasema: ninaye mtu anayewapendeza wote huko nje, na wakati watu wanamsifia kwa kung'aa kwake, mimi kwangu hakuna kilichoingia. Mswahili huita maneno ya namna hiyo kijembe. Na "nimekaa" uliloliona kama unyonge, kwa mtu wa mwaloni ni neno la kazi: leo hakuna mzigo, nimekaa.

Halafu kuna jambo jingine ambalo sikuhitaji muuza dagaa anionyeshe. Umeandika mwenyewe kuwa baba yako alifariki ukiwa kidato cha pili. Mama yako anamwimba mume yupi?

Sisemi kuwa tafsiri ya huyu mama wa sokoni ndiyo ya mwisho. Wimbo wa kazi una wenyewe wengi, na huenda pale Kibirizi una maana ambayo hata yeye haijui. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na mtu wa kukuzuia kuuliza. Msanii alikuwa anakupikia. Uliurekodi wimbo kwa siri, ukaupeleka mbali, ukauhukumu huko, na hukumu ikarudi nyumbani kabla ya swali. Kilichomuumiza mama yako, nadhani, si neno "mhanga". Ni kuona kwamba mwanawe amemsikiliza kwa makini kiasi hicho na bado hakumsikia.

Usikimbilie kuilaumu nadharia lakini. Kosa hili linatokea pale mtu anapoishika nusu, na mimi nimelifanya darasani kwa miaka. Nilikuwa nawaandikisha watoto dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kabla hawajausoma ubeti kwa sauti hata mara moja. Najua lilivyo rahisi.

Chukua hilo neno ulilolitumia, ung'amuzi bandia. Wengi hudhani ni la Karl Marx. Marx hakuliacha katika maandishi yake. Lilitoka kwa mwenzake, Friedrich Engels, katika barua aliyoiandika mwaka 1893, miaka kumi baada ya Marx kufariki. Na hakulitupa kwa mfanyakazi wa kiwandani wala kwa mama wa sokoni. Alikuwa anamzungumzia mwenye kufikiri, msomi anayeunganisha mawazo kwa mawazo na kudhani anasukumwa na fikra tupu, huku nguvu halisi zinazomsukuma hazioni. Vizazi vilivyofuata wakaligeuza likawa jina la ugonjwa wa watu wa chini. Ulipokuwa unaandika ile sentensi uliyoipenda kuliko zote, nini kilikuwa kinakusukuma? Naomba ujiulize bila kujipiga. Ulitaka alama. Ulitaka msimamizi aone kuwa umeelewa. Ulitaka, kwa mara ya kwanza, kuwa mtu anayejua. Hayo si dhambi, lakini yalikuwa ndani ya chumba pamoja nawe na hukuyahesabu.

Walimu wako bila shaka walikutajia kundi la Frankfurt. Taasisi yao ya utafiti wa jamii ilianzishwa mwaka 1923 katika mji huo wa Ujerumani, kwa fedha za familia iliyotajirika kwa biashara ya nafaka. Swali lililowakosesha usingizi lilikuwa linafanana na lako: kwa nini watu wanaokandamizwa hawaukatai ukandamizaji, na wengine wanaushangilia? Waliliuliza huku Wanazi wanapanda ngazi, kwa hiyo halikuwa swali la mtihani. Lakini tazama walivyoanza. Mnamo mwaka 1929 Erich Fromm na wenzake waliwapelekea wafanyakazi madodoso yenye maswali zaidi ya 200. Hawakuishia kwenye kuuliza mtu anapigia kura chama gani. Waliuliza ukutani umetundika picha gani, waliuliza kama mtoto anaweza kulelewa bila kuchapwa. Walitaka kusikia kutoka kwa mtu mwenyewe anayeishi maisha hayo. Mwaka 1933 Hitler aliposhika madaraka taasisi ilifungwa, wakakimbilia Geneva, kisha New York.

Ni huko uhamishoni, mwaka 1937, ndipo mkurugenzi wao Max Horkheimer alipoandika makala iliyotenganisha nadharia ya kimapokeo na nadharia hakiki. Nitakusimulia kiini chake kwa maneno yangu. Mwananadharia wa kimapokeo anajiweka nje ya kitu anachokichunguza, kama mtu anayetazama mdudu kwenye chupa. Mwenye nadharia hakiki anajua kuwa yumo ndani. Jamii anayoichambua ndiyo iliyomzaa, ikamlisha, ikampa hata maneno anayochambulia. Kwa hiyo hawezi kuihakiki bila kujihakiki.

Unaona kilichotokea? Ulibeba majina ya nadharia hakiki, lakini kwa vitendo ukafanya ile nyingine. Ulimweka mama kwenye chupa ukasimama nje, na hukusimama nje hata siku moja. Daftari ulilomwandikia hukumu, na bando ulilosomea makala za ufeministi, vilitoka kwenye vichanja vile vile. Wewe ni sehemu ya wimbo huo. Ni mmoja wa watu wanaokula mwezi ukipungua na kufunga mkanda mwezi ukijaa. Katika kurasa zote ulizoandika ulitakiwa uwemo, na kwa jinsi ulivyonieleza, hukuwemo.

Usidhani kosa hili ni la wanafunzi tu. Theodor Adorno wa kundi hilo hilo alikuwa mwanamuziki aliyesomea utunzi wa muziki Vienna, sikio lake lilifundishwa kuliko langu na lako. Mwaka 1936 akaandika juu ya jazi akaiponda: muziki wa kuuzwa, unaojifanya huru wakati umefungwa. Kuhusu biashara ya muziki alikuwa na hoja kubwa mpaka leo. Lakini wengi waliomsoma baadaye walimlaumu kwamba hakuwasikiliza Wamarekani weusi waliokuwa wakiupiga, na alichokihukumu zaidi ni kile kilichopigwa kwenye kumbi za dansi za Ulaya. Nadharia yake haikufa kwa sababu hiyo. Inasomwa, na kosa lake linasomwa pamoja nayo.

Hapa Tabora tumezungukwa na kumbukumbu za wapagazi. Wanyamwezi waliotoka hapa na mizigo hadi pwani waliimba njia nzima. Mtu aliyebeba pembe begani akiimba hakuwa anaisifu pembe.

Sasa nije kwenye ulichoniomba nisikuambie. Hapana, hukukosea kila kitu. Hasira yako kuhusu bei ni ya haki, na sitaki uizime kwa sababu ya aibu. Huyo mama wa sokoni alipomaliza kucheka alinieleza mengine. Wa mwaloni ananunua kwa ndoo, na anayepanga bei ya ndoo ni mwenye mtumbwi. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa kwenye mchanga, hasara ni ya aliyeanika. Akataja na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kulifunga ziwa kuna sababu zake nzuri na siwezi kuzipinga. Lakini aliyekaa miezi mitatu bila kipato alikuwa nani hasa, na alikula nini? Hapo ndipo nadharia yako ina kazi. Umarx uulize mali ya nani, mtumbwi wa nani, hatari inabebwa na nani. Ufeministi uulize kwa nini wenye mitumbwi kwa kawaida ni wanaume na waanikaji ni wanawake, na ilianza lini kuwa hivyo. Halafu uuweke wimbo pembeni ya majibu hayo. Mwezi unalaumiwa waziwazi kwa sauti, mwenye mtumbwi hatajwi. Kwa nini? Labda kwa sababu yuko pale pale anasikia na kesho watamhitaji. Labda mwezi ndiye yeye. Hilo ni swali lenye thamani ya tasnifu, na hulipati kwa kukaa maktaba.

Kwa hiyo mada usiiache, kama mama ataridhia. Asiporidhia, iache siku hiyo hiyo, chagua nyingine, na usimwambie amekuharibia. Utafiti wowote wa heshima huomba ridhaa ya wanaotafitiwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na wewe hukuomba. Msimamizi wako mweleze ukweli wote: niliurekodi bila idhini, niliutafsiri bila kuuliza, na nimegundua tafsiri yangu haisimami. Msimamizi mzuri atafurahi kuliko alivyofurahia ile A. Kosa lako liandike ndani ya tasnifu, mwanzoni kabisa, likiwa na mwezi wake na kukaa kwake. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha msomaji kuwa mhakiki naye yumo ndani.

Kwa mama ndiko moyo wangu uliko. Usimwendee na hotuba. Usimweleze Horkheimer. Na usianze kwa kumuuliza maana ya wimbo, maana ataona umekuja tena na daftari. Mama yako anakuhudumia kama mgeni kwa sababu ulimwandika kama mgeni. Rudi uwe mtoto wa nyumba. Kesho amka saa kumi alfajiri kabla yake, umwashie jiko, mshuke wote Kibirizi wakati mitumbwi inarudi. Beba ndoo. Anika. Geuza. Simu iache nyumbani, na uiache kweli, wenzake waone mikono yako. Fanya hivyo siku kadhaa bila kusema neno kuhusu karatasi. Kama una mama mdogo au shangazi anayeelewana naye, mtangulize, kwa sababu kuna maneno ambayo mzazi hawezi kuyapokea moja kwa moja kutoka kwa mtoto. Halafu siku moja, mkiwa wawili, mwombe radhi. Sema hivi tu: mama, niliandika juu yako bila kukuuliza, na niliandika vibaya. Naomba radhi yako. Usiongeze "lakini". Hata kama kwenye ile karatasi kuna hoja tatu za kweli, siku hiyo hazina kazi.

Na alipouliza msanii ndiyo nani, hakujibiwa. Mjibu. Mwambie ni wewe, mama.

Kuhusu kutofurahia tena nyimbo na hadithi: inapita, ikiwa hutaisaidia ibaki. Aliyejifunza kusoma juzi husoma kila kibao barabarani, hawezi kujizuia. Baadaye macho yanatulia, anasoma anachotaka. Nadharia ikikolea utaweza kuisikiliza hadithi ya bibi kwanza kama mjukuu, ukacheka panapochekesha na kuogopa panapotisha, na maswali yakaja yenyewe usiku ukiwa umelala chali. Yakija mapema, yaambie yasubiri. Usome pia kidogo kidogo. Kurasa tano ulizozielewa, ukaweza kumweleza mtu asiyesoma somo lako kwa Kiswahili cha kawaida, zinazidi makala tatu ulizopigia mistari. Na si kila kitu kipo kwa Kiingereza tu. Kitabu cha Frantz Fanon, mwandishi aliyeupinga ukoloni, kwa mfano, kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, kikatoka mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Kitafute maktaba ya chuo. Utaona sentensi ngumu ikipumua kwa lugha yako, na utaona pia mahali watafsiri walipotoka jasho.

Baba mdogo ana haki ya kuogopa, usimjibu kwa kejeli. Anatoa nauli, na ajira ni ngumu. Shahada yako peke yake haikupi ualimu wa serikali. Ukiutaka utaongeza stashahada ya uzamili ya elimu, na ni vizuri ujue hivyo leo kuliko siku ya mahafali. Mwambie umelifikiria hilo na una mpango. Uhasibu sikushauri, kwa sababu hukunionyesha hata mstari mmoja unaoupenda.

Lakini kwenye neno lake kwamba nadharia haijazi sufuria, nitamjibu mimi. Mwaka 1968, pale kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakiuliza kwa nini fasihi ya Uingereza ndiyo iwe kitovu cha masomo katika nchi ya Afrika iliyo huru. Walitaka Afrika iwekwe katikati, na fasihi simulizi iwe ndani ya masomo hayo. Lilikuwa swali la kinadharia tupu, halikuleta unga siku hiyo. Hoja za namna hiyo ndizo zilizosaidia kuifanya fasihi simulizi iheshimiwe katika vyuo vyetu. Bila watu kuuliza maswali kama hayo, wimbo wa wanawake wa Kibirizi usingekuwa kitu cha kupelekwa chuoni, ungekuwa kelele za mwaloni. Baba mdogo alianza kuisoma karatasi yako kwa sauti kwa sababu alijivunia kuona jambo la nyumbani kwao limeandikwa. Mkumbushe hapo alipoanzia.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la kwangu. Nilipokuwa naondoka sokoni yule mama aliniita nirudi. Akaniambia mistari minne haitoshi, kwamba nyimbo za vichanja zina mwenye kuanzisha na wenye kuitikia, na "na mimi nimekaa" lazima kuna wanaojibu. Yeye ameondoka Kigoma siku nyingi, hakuweza kunipa jibu lao. Kwenye barua yako halipo. Mama akikuridhia, na siku ikifika akaimba wewe ukiwepo, nisikilizie wenzake wanaitikia nini. Usirekodi. Shika kwa kichwa, kisha uniandikie, kama na yeye atakubali niambiwe.